Jinsi ya kuileta bendi ya roki ya Kijapani Ulaya bila kufilisika

Namwandikia Mswahili aliyeko Ulaya, anayeupenda muziki wa Kijapani, ambaye siku moja kaamka na wazo kwamba ile bendi anayoisikiliza kwenye treni kila asubuhi anaweza kuileta mwenyewe. Mimi niliingia kwenye kazi hii kwa kubeba spika na kuchana tiketi mlangoni mjini Köln, Ujerumani, kisha nikajikuta naandaa ziara ndogo ndogo: bendi moja, gari moja, miji sita. Sijawahi kujaza uwanja. Nimewahi kujaza ukumbi wa watu 400, na nimewahi kupata hasara iliyonichukua miezi 14 kuilipa. Nitakayoyasema yametoka pande zote mbili.

Hatua ya 1: Jua unauza nini

Kosa la kwanza ni kudhani "J-rock", yaani roki ya Kijapani, ni aina ya muziki. J-rock ni uraia tu. Mono wanapiga muziki wa gitaa usio na maneno, unaopanda polepole kama maji ya bahari. Boris wanapiga muziki mzito wa kutikisa mbavu. Lovebites ni wasichana wa metali, yaani roki nzito, tena ya kasi, ile ya Kizungu kabisa. Shonen Knife wa Osaka wanapiga panki nyepesi ya kuchangamka tangu 1981. Kuwaweka hawa kwenye kapu moja ni sawa na kuweka taarab, singeli na rumba la Kikongo kwenye bango moja na kuandika "Muziki wa Afrika". Mzungu atakuja mara moja kwa udadisi, na mara ya pili hutamwona.

Lakini ukweli una upande wa pili, nao ndio unaoumiza kichwa. Watakaonunua tiketi siku ya kwanza ni haohao wapenzi wa Japani: wanaosoma manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani, wanaojifunza lugha, waliokua na katuni za Kijapani. Hao ndio wanaolipa mafuta ya gari. Ila ni wachache, wametawanyika, na idadi yao haikui kwa sababu ya bendi yako. Wanaokua ni wapenzi wa aina ya muziki wenyewe, yaani watu wa metali, watu wa panki, ambao hawajali mpiga gitaa katoka Osaka au Oslo. Kazi yote ya promota wa roki ya Kijapani ni kuendesha punda wawili kwa wakati mmoja: kundi la kwanza lilipe, kundi la pili lipanuke.

Historia inaonyesha vizuri. Mwezi Mei 2005 bendi ya Dir en grey ilipiga Berlin, kwenye ukumbi wa Columbiahalle unaobeba watu kama 3,500, ukajaa, na wakati huo albamu yao ilikuwa haijatolewa Ulaya. Vijana walikuwa wameshusha nyimbo mtandaoni wenyewe. Mwaka huohuo bendi ikapanda jukwaa la Rock am Ring, tamasha kubwa la roki la Ujerumani. Wengi wakaona mlango umefunguka. Lebo ya Gan-Shin ya Ujerumani ilikuwa tayari imeanza kutoa rekodi za Kijapani, na bendi za visual kei, wale wanaume wenye vipodozi, nywele za rangi na mavazi ya kifalme, zikaanza kumiminika. Ikafika mahali wiki moja ina ziara tatu, na wateja ni walewale: wasichana wa miaka 16 wanaotegemea fedha za wazazi. Mtoto wa shule hawezi kununua tiketi tatu kwa mwezi. Kumbi zikaanza kupwaya.

Linganisha na bendi ya Babymetal. Mwezi Julai 2014 waliwekwa jukwaa kubwa la tamasha la Sonisphere, Knebworth, Uingereza, mbele ya watu wa metali ambao wengi walikuja kucheka. Siku mbili baadaye walikuwa na onyesho lao London, ambalo lilikuwa limeshahamishwa kutoka Electric Ballroom kwenda ukumbi mkubwa zaidi wa Forum kwa wingi wa wanunuzi. Aprili 2016 wakawa bendi ya kwanza ya Kijapani kuongoza onyesho Wembley Arena. Upende usipende, waliuzwa kama metali kwa watu wa metali, na wapenzi wa Japani wakaja vilevile.

Hatua ya 2: Pima kiu kabla ya kuchimba kisima

Usihesabu wafuasi. Mfuasi wa Brazil hatakuja Köln. Mwombe meneja takwimu za wasikilizaji kwa mji mmoja mmoja. Programu za kusikiliza muziki zinawapa wasanii hesabu hiyo. Kwa uzoefu wangu, bendi isiyowahi kufika mji fulani ikipata mtu mmoja mlangoni kwa kila wasikilizaji 20 wa mwezi wa mji huo, shukuru.

Kuna mtego wa anime, yaani katuni za Kijapani. Bendi ikiwa na wimbo mmoja uliofungua katuni maarufu, utaona mamilioni ya wasikilizaji ukadhani umepata dhahabu. Fungua orodha ya nyimbo zao, tazama wimbo wa tano. Kama wa kwanza umesikilizwa mara milioni 40 na wa tano mara laki mbili, hao si mashabiki wa bendi. Ni mashabiki wa katuni, na katuni wanaitazama nyumbani.

Kisha ujifanye shabiki mpya na uitafute bendi. Andika jina. Kuna bendi ya visual kei inaitwa D, herufi moja tu; jaribu kuitafuta uone. Andika jina la wimbo kwa herufi za Kirumi kama unavyolisikia. Mara nyingi wimbo umeandikwa kwa kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, peke yake, na mtu wa Lyon au Gdańsk haupati ng'o. Bonyeza video: "Haipatikani katika nchi yako." Au inafunguka, na baada ya dakika moja na nusu inakatika, kwa sababu lebo imeweka kipande tu ili watu wanunue CD. Mambo haya matatu, jina, herufi na kufungiwa nchi, yaandike kwenye barua yako ya kwanza kwenda Tokyo kama sharti la awali. Kuyarekebisha hakuwagharimu kitu, na bila hayo tangazo lako lote unalimwaga mchangani.

Hatua ya 3: Kuongea na Tokyo

Elewa kwanza kwamba hawana shida na wewe. Japani ni soko la pili duniani kwa muziki wa kurekodiwa, na watu wake bado wananunua CD. Spotify ilifika huko mwaka 2016 tu. L'Arc-en-Ciel, bendi iliyokuwa imeshapiga ukumbi wa Madison Square Garden, New York, iliweka nyimbo zake kwenye programu za kusikiliza mwishoni mwa 2019. Hawakuwa washamba, hesabu ya nyumbani ilikuwa inawalipa. Bendi inayojaza ukumbi wa watu 2,000 Tokyo ukiiambia ije ipige kwa watu 200 Köln, unaiomba ipoteze wiki mbili za mapato. Barua yako lazima ijibu swali moja: sisi tunapata nini?

Jibu la kweli, ambalo watu hawalisemi hadharani, ni heshima ya nyumbani. Picha ya bendi mbele ya umati wa Paris inauza tiketi Nagoya. Kwa hiyo weka kwenye ofa yako mpiga video mzuri na haki ya kuzitumia picha hizo Japani. Mara mbili hicho ndicho kilichonipa mkataba, ingawa ada niliyotoa ilikuwa ndogo kuliko ya mshindani wangu.

Utakayeongea naye ni ofisi ya usimamizi, *jimusho*, na bendi yenyewe huenda usiipate kabisa. Nyuma ya ofisi kuna lebo, nyuma ya lebo kuna mchapishaji wa nyimbo, na pembeni kuna klabu ya mashabiki yenye kanuni zake. Kila picha, kila bango, kila sentensi ya tangazo itapita kwa wote hao. Bango ambalo wewe ungelitoa usiku mmoja, wao watakaa nalo siku kumi. Panga kalenda yako hivyo na usigombane.

Ukiambiwa *kentō shimasu*, yaani "tutalitafakari", Mzungu anasubiri jibu. Wewe Mswahili huhitaji mkalimani: ni ile "tutaangalia" ya mjomba uliyemwomba mkopo. Kukataliwa umeshakataliwa, kwa adabu. Usisukume. Rudi baada ya miezi sita na ofa nyingine.

Saa nazo zina umuhimu. Japani haibadilishi saa majira ya joto, kwa hiyo tofauti na Ujerumani ni saa nane wakati wa baridi na saba wakati wa joto. Wakati wa baridi, saa mbili asubuhi Köln ni saa kumi jioni Tokyo. Barua ya Tokyo ijibu kabla hujapiga mswaki, la sivyo umepoteza siku. Mwaka wao wa fedha unaanza Aprili mosi, hivyo bajeti ya ziara ya vuli inaamuliwa kabla ya Machi. Mwishoni mwa Aprili hadi wiki ya kwanza ya Mei, katikati ya Agosti na mwaka mpya, ofisi hulala.

Uliza pia kuhusu njia ya kusindikiza, yaani kupiga kabla ya bendi kubwa. Sadistic Mika Band waliiona Uingereza mwaka 1975 wakiwafungulia Roxy Music. Shonen Knife waliifungulia Nirvana huko huko Uingereza mwaka 1991, na kwa njia hiyo watu ambao hawajawahi kuwaza kuhusu Osaka wakawafahamu. Kufungua onyesho la bendi ya Ulaya inayofanana na yako kunalipa kidogo sana, pengine unalipia wewe, lakini bendi yako inacheza moja kwa moja mbele ya lile kundi la pili, la wapenzi wa aina ya muziki. Bendi nyingi za Kijapani hukataa kwa kuona ni kushuka hadhi. Jaribu hata hivyo.

Hatua ya 4: Hesabu, hapa ndipo watu wanapokufa

Chukua mfano wa ziara ya maonyesho sita kwa siku tisa. Wanamuziki watano, meneja, fundi wa sauti: watu saba wa ndege. Ongeza dereva na muuza fulana wa hapa, mko tisa.

Ndege, yuro 1,100 kwa mtu: 7,700. Gari na mafuta, 350 kwa siku: 3,150. Vyumba vitano kwa usiku nane, 80 kila kimoja: 3,200. Posho ya chakula, 25 kwa mtu kwa siku: 2,025. Kukodi dramu na amplifaya: 1,200. Karatasi, bima, forodha: 1,000. Jumla 18,275. Gawa kwa sita, kila onyesho linabeba yuro 3,046 hata kabla hujafungua mlango. Ukumbi, mafundi, walinzi na matangazo: 1,800. Ada ya bendi, tuseme ndogo ya 1,000. Sasa uko 5,846 kwa usiku mmoja.

Tiketi ni yuro 35. Ujerumani inachukua VAT ya asilimia 7 kwenye tiketi za muziki, unabaki na 32.71. Unahitaji watu 179 ili urudishe fedha, na bendi ya namna hii huvuta watu 120. Kwa watu 120 unaingiza 3,925. Pengo ni 1,921 kila usiku, zaidi ya yuro 11,500 kwa ziara nzima. Ukiwa hujaweka hesabu hii kwenye karatasi, ndipo unapojikuta unauza gari lako.

Pengo huzibwa na vitu viwili. Kwanza tiketi ya VIP: mtu analipa yuro 60 zaidi, anaingia mapema, anasalimiana na bendi na kupiga nao picha. Wakinunua 25, baada ya VAT ya asilimia 19 unapata 1,260. Pili fulana na bidhaa. Shabiki wa muziki wa Kijapani hununua kuliko shabiki yeyote ninayemjua. Mkikubaliana kugawana na bendi, na kwa usiku fungu lako likabaki 700, pengo limezibika. Umebaki na yuro 39, na mirabaha ya GEMA, shirika la haki za watunzi la Ujerumani, bado hujalipa.

Wapo wanaocheka VIP kwamba ni unyonyaji. Wafanye hesabu hii kwanza.

Njia nyingine ni kujishikiza kwenye maonyesho ya anime. Japan Expo ya Paris, iliyoanza mwaka 1999, na nyingine ndogo za Ujerumani, Ufini na Poland, hualika bendi na kulipa ndege. Ndege ikishalipwa, tazama tena hesabu ya juu: yuro 7,700 zimeondoka. Wewe unaongeza maonyesho matatu ya kumbi kabla au baada. Ila usihesabu umati wa maonyesho kama mashabiki. Nusu yao wamekaa chini wakitengeneza mabawa ya mavazi yao.

Sarafu nayo ina tabia zake. Mwaka 2012 yuro moja ilikuwa karibu na yeni 100. Julai 2024 ilipita 170. Ada ya yeni 500,000 iliyokuwa yuro 5,000 imekuwa chini ya 3,000. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua, andika ada kwa yeni na bidhaa uza kwa yuro. Upande wa hasara: tangu 2022 ndege za Japani hazipiti anga la Urusi, safari ya saa 12 imekuwa 14 au zaidi, na nauli imepanda. Urusi yenyewe, ambako Moscow na Saint Petersburg zilikuwa vituo vya kuaminika kwa visual kei, imetoka kwenye ramani za ziara. Warsaw na Helsinki zimechukua sehemu, si zote.

Hatua ya 5: Karatasi

Mjapani anaingia nchi za Schengen bila viza kwa siku 90 katika kila 180, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Kuingia si ruhusa ya kufanya kazi. Kila nchi ina kanuni yake kuhusu wasanii wa maonyesho machache. Andikia ubalozi wa kila nchi ya ziara miezi mitatu kabla na uyachapishe majibu. Uingereza iko peke yake: mwandaaji mwenye leseni anatoa cheti cha udhamini, na kwa kukaa hadi miezi mitatu Mjapani haombi viza, lakini lazima apite kwa afisa wa uhamiaji. Akipita kwenye mlango wa mashine kwa mazoea, ameingia kama mtalii. Mweleze kila mmoja kwa jina, tena kwenye foleni. Tangu Januari 2025 anahitaji pia kibali cha ETA kabla ya kupanda ndege.

Vyombo vinasafiri kwa ATA Carnet, kitabu cha forodha kinachoorodhesha kila gitaa na namba yake. Ndani ya Umoja wa Ulaya hugongi muhuri kati ya nchi na nchi. Uingereza, Uswisi na Norwe unagonga kuingia na kutoka. Carnet haihusu vitu vya kuuzwa, kwa hiyo fulana zina habari yake. Fulana kutoka Japani haina ushuru tangu mkataba wa biashara wa Ulaya na Japani ulipoanza Februari 2019, mradi imetengenezwa Japani. Fulana nyingi za bendi zimechapishwa tu Japani. Shonwa ni Bangladesh au China. Hapo ushuru wa asilimia 12 unarudi, na VAT juu yake. Omba mafaili ya michoro, chapisha Poland. Utaepuka pia tatizo la vipimo: L ya Kijapani ni M ya hapa, na Mjerumani mwenye kifua hataki kusikia habari hiyo.

Kodi ya zuio ndiyo iliyoniletea deni la miezi 14. Msanii wa nje akilipwa, promota anapaswa kuzuia kodi na kuipeleka serikalini: Ujerumani ni asilimia 15 pamoja na nyongeza ya mshikamano, jumla 15.825, Uingereza 20 baada ya kiwango fulani. Mimi niliandika kwenye mkataba neno moja tu: ada ni "safi". Sikujua kwamba "safi" maana yake kodi nimeibeba mimi. Ujerumani husamehe malipo yasiyozidi yuro 250 kwa msanii mmoja kwa onyesho, hivyo bendi ya watano yenye ada ndogo inaweza kupona kabisa, lakini mkataba lazima uonyeshe fungu la kila mmoja kwa jina. Kaa na mhasibu kabla ya kusaini. Kuna pia mchango wa bima ya wasanii, Künstlersozialkasse, asilimia 5 ya ada kwa mwaka 2025. Msanii wa Japani hafaidiki nao hata senti, na unalipa vilevile.

Bima ya kuahirisha usiiache. X Japan walipanga Wembley Arena Machi 2016. Mpiga gitaa wao Pata akalazwa hospitali, onyesho likasogea mwaka mzima hadi Machi 2017. Bendi kubwa inaweza kubeba pigo hilo. Wewe huwezi.

Hatua ya 6: Kutangaza

Andika matangazo mawili tofauti. La wapenzi wa Japani lina picha rasmi, jina la kila mwanamuziki, saa za VIP, orodha ya bidhaa. La watu wa aina ya muziki halitaji Japani hata mara moja kwenye mstari wa kwanza. Linasema ni metali ya kasi, linataja bendi mbili za Ulaya wanazofanana nazo, linaweka sekunde 20 za kipande kikali. Lovebites hawakuingia Wacken, tamasha la metali la Ujerumani, mwaka 2018 kwa sababu ya sushi.

Gazeti la roki litakutaka mahojiano. Ofisi ya Tokyo itataka maswali wiki mbili kabla na itafuta nusu. Mwambie mwandishi mapema, la sivyo ataandika kuhusu kufutwa kwa maswali. Na mkatalie kwa upole yule anayetaka makala ya "Wajapani wa ajabu". Makala ya namna hiyo hupata wasomaji wengi na haiuzi tiketi.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Umeme kwanza. Japani inatumia volti 100, Ulaya 230. Adapta ya plagi haibadilishi volti, inabadilisha umbo tu. Kwenye ziara yangu ya pili mpiga gitaa alichomeka ubao wake wa pedali za kubadili sauti ya gitaa kwa adapta aliyonunua uwanja wa ndege. Ulisikika mlio mdogo, kama njugu inayopasuka, kisha harufu ya plastiki ikapanda jukwaani. Pedali nne, moja ya mwaka 1981 aliyopewa na mwalimu wake. Hakupiga kelele. Aliinama, akachomoa waya, akaanza kuniomba radhi mimi. Tangu siku hiyo natembea na transfoma mbili za kushusha volti, nzito kama tofali, zimebandikwa karatasi nyekundu yenye 100V, na hakuna anayechomeka kitu kabla sijafika.

Foleni ni jambo la pili. Japani tiketi ina namba ya kuingilia, watu wanaitwa kwa namba na hakuna haja ya kuamka mapema. Hapa wasichana watafika saa kumi na moja alfajiri na mablanketi, wataandikana namba mkononi kwa kalamu, na jioni patatokea ugomvi kuhusu nani alikwenda chooni. Meneja wa Kijapani akiona hali hiyo anashtuka. Ama toa tiketi zenye namba tangu mwanzo, ama gawa namba zako saa nne asubuhi na kuwaambia waende wakale.

Picha: bendi nyingi zinakataza simu. Andika kwenye tiketi, si mlangoni tu. Omba wimbo mmoja wa ruhusa, wa mwisho. Tokyo hukubali ukieleza kwamba hizo video ndizo tangazo la mwaka ujao.

Meza ya VIP ina picha za papo hapo, ambazo Wajapani huziita *cheki*. Mara ya kwanza nilidhani meneja anaongea Kiswahili cha mtaani. Weka filamu za kutosha, mtu mmoja wa kupiga, mmoja wa kupokea mikoba, na sekunde 20 kwa kila shabiki. Filamu zikiisha ukiwa na watu kumi kwenye mstari, hayo ndiyo yatakayokumbukwa, hata kama bendi ilipiga kama radi.

Hatua ya 8: Baada ya taa kuwaka

Kabla watu hawajalala, chukua orodha ya nyimbo zilizopigwa, kwa majina kamili ya Kijapani na ya Kirumi na majina ya watunzi, uijaze kwenye fomu ya shirika la mirabaha la nchi husika: GEMA ya Ujerumani, SACEM ya Ufaransa au PRS ya Uingereza. Usipoijaza, mirabaha uliyolipa inapotelea kwenye mfuko wa jumla badala ya kufika JASRAC, shirika kama hilo la Japani, na kwa mtunzi aliyekaa nyuma ya gari lako.

Hesabu bidhaa pamoja na meneja, fulana moja moja, usiku huohuo. Andika kwa mkono, wote wawili msaini. Baada ya siku tatu tuma taarifa ya kila mji: tiketi, bidhaa, gharama, na watu waliokuja wakiwa hawajui neno la Kijapani, maana hao ndio utakaowajengea hoja ya ziara ijayo.

Siku ya kuondoka fikeni uwanja wa ndege saa nne kabla ya ndege kuruka. Forodha hawagongi muhuri wa kutoka kwenye Carnet bila kuviona vyombo, na kama magitaa yameshapita kwenye mkanda wa mizigo, kitabu kinabaki wazi, na bili ya ushuru itafika Tokyo miezi kadhaa baadaye ikiwa na jina la bendi. Wapange wote kwenye dirisha la forodha na mabegi yao, kitabu kigongwe, ndipo mwende kaunta ya ndege.